Mwandiko wa Kasuku

Ofisini walimwita Milimita, na jina hilo hawakumpa kwa kumsifu. Alikuwa mpangaji wa kurasa, mwanamke wa miaka arobaini na saba, na aliwahi kumrudishia mhariri jarida zima la kilimo kwa sababu picha ya ng'ombe ilikuwa imesogea kushoto kidogo kuliko inavyotakiwa. "Dada, kwani ng'ombe hatembei?" mhariri aliuliza, na ofisi nzima ikaangua kicheko. Milimita hakucheka. Kwenye kazi hakuwa na utani hata chembe.

Sasa alikuwa amepewa kazi iliyomkaa vibaya. Shirika moja lilitaka jarida la muziki kwa vijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane. Lingeitwa Kiitikio, na toleo la majaribio lingegawiwa bure mashuleni. Yeye ndiye wa kuamua sura yake: jalada, herufi, rangi, picha zikae wapi, maneno ya nyimbo yapangwe vipi. Muziki alioujua yeye ulikuwa wa enzi zake, ule wa kucheza mmeshikana mikono. Huu wa siku hizi alikuwa anausikia kupitia mlango uliofungwa, mlango wa chumba cha binti yake.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na mitano. Baba yake ndiye aliyembandika jina la Kasuku, kwa vile tangu utotoni alikuwa haishiwi maneno. Mwaka jana baba huyo alihamia kwa mwanamke mwingine. Alichukua nguo, redio na viatu vyake vyote, na ni kama alibeba na maneno ya mtoto, maana tangu siku hiyo Kasuku akawa mtu wa "ndiyo", "hapana" na "sijui". Milimita alibembeleza, akafoka, akaomba radhi kwa kufoka. Wapi! Mtoto aliziba masikio kwa spika zake ndogo, akageukia ukuta.

Jumamosi moja asubuhi Milimita alitandaza michoro yake kwenye meza ya kulia. Kasuku alipita kuchukua chai, akasimama.

"Nini hiki?"

"Jarida la muziki. La vijana."

Kasuku aliinamia michoro, akaikagua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Kona ya mdomo ikamcheza. "Mama, hili ni gazeti la benki."

"La benki?"

"Mtu akilifungua anasubiri kuambiwa riba."

Milimita alicheka mpaka akafuta machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosikia kwa binti yake kwa miezi minane. Kasuku naye akavuta kiti. "Mbona kila kitu umekinyoosha? Nyimbo hazinyooki," alisema, kisha akaenda chumbani na kurudi na daftari kubwa ambalo jalada lake lilikuwa limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi.

Humo ndani aliandika maneno ya nyimbo alizozipenda, kila wimbo kwa umbo lake. Ngoma ikiwa nzito, herufi zilinenepa. Sauti ikipanda, mstari nao ulipanda mpaka ukagonga ukingo wa karatasi. Herufi zake zilikuwa na mikia mirefu iliyojipinda, na irabu zilikuwa wazi kidogo kwa juu. Milimita alikuwa ameangalia herufi maisha yake yote, lakini hizi zilimfanya asahau chai yake mpaka ikapoa.

Karibu na mwisho palikuwa na ukurasa ulioandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo:

Viatu vyake havipo tena mlangoni,
siku hizi napita bila kujikwaa.

Neno la mwisho lilikuwa limelala ubavu.

"Huu wa nani?"

"Wangu," Kasuku alisema, akitazama kikombe chake. "Wewe angalia tu, upate wazo. Usimwonyeshe mtu."

"Simwonyeshi mtu."

"Hata huyo bosi wako."

"Hata yeye, mwanangu. Haki ya Mungu."

Tumtendee haki mama huyu: alipoapa, aliapa kwa moyo mmoja. Jumatatu, Kasuku akiwa shule, alilichukua daftari kwenda nalo ofisini ili apime tu mwinamo wa herufi. Akiwa hapo akachora jina la Kiitikio akifuatisha mikia ile, akijiambia kwamba herufi ni herufi, hazina mwenyewe. Halafu akafika ukurasa wa kumi na mbili. Huo ulikuwa wa wimbo ulioandikwa na msomaji, na kwa kuwa jarida lilikuwa halijazaliwa, msomaji alikuwa bado hayupo. Alihitaji kuona ukurasa wa mwandiko wa mkono utakaaje kati ya kurasa za herufi za mashine. Akaupitisha wimbo wa Kasuku kwenye skana, akauweka pale, ushike nafasi tu. Mchana alikwenda nyumbani mbio, daftari likarudi kwenye droo ya Kasuku.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la penseli. Milimita alijifunza kazi zamani, wakati kurasa zilikatwa kwa wembe, zikabandikwa kwa gundi, kisha zikapigwa picha ili zichapwe. Siku hizo maelekezo yote yaliandikwa kwa penseli ya buluu iliyofifia, kwa sababu rangi hiyo kamera ilikuwa haiioni. Uliweza kuandika "sogeza", uliweza kuandika "punguza", uliweza hata kumtukana mhariri katikati ya ukurasa, na jarida likatoka safi. Kompyuta zilipokuja, gundi ikakaukia kwenye kopo, lakini penseli yake hakuiacha. Alibandika kurasa zote kumi na sita ukutani, na juu ya ule wa kumi na mbili akachora msalaba kutoka kona hadi kona, akaandika: WA MUDA, UTOLEWE. Kwa buluu. Mkono ulikuwa umeandika hivyo kwa miaka ishirini na mitano, wala haukumuuliza mwenyewe.

Jumanne alikwenda kung'oa jino. Mhariri, mtu wa haraka mwenye simu tatu na subira ya nusu dakika, aliitwa ghafla na wafadhili wa jarida. Akamwambia katibu atoe fotokopi ya kurasa zote za ukutani. Mashine ya fotokopi ya ofisi ile ilikuwa kuukuu, na buluu kwake ilikuwa sawa na weupe wa karatasi. Kurasa kumi na sita zikatoka, na hakuna hata mmoja uliokuwa na alama. Wafadhili walizipitia. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili mmoja wao alitoa leso. Wakaidhinisha palepale, na mhariri aliporudi, kwa kuwa hakuona mahali popote palipoandikwa kwamba kuna kitu kimebaki, alituma kazi nzima kwenye kiwanda cha uchapaji kutoka kwenye kompyuta ya Milimita.

Jumatano Milimita aliingia ofisini shavu likiwa limevimba, akakuta soda na biskuti mezani.

"Dada Milimita!" mhariri alipaza sauti. "Miaka yote hii ulikuwa unatuficha kipaji?"

"Ukurasa wa kumi na mbili..." alianza.

"Huo ndio uliotumaliza!"

Watu wakapiga makofi. Na ukweli usemwe: kwa muda wa funda moja la soda, Milimita aliona raha. Katika miaka ishirini na mitano hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Kisha akaelewa wanachoshangilia, akairudisha soda mezani.

"Ule ni wa muda," alisema. "Nimeandika utolewe."

"Umeandika wapi?"

Alimvuta mpaka ukutani. Mhariri alisogeza uso mpaka pua ikakaribia karatasi. "Hii? Dada, hata nikiambiwa ipo naiona kwa shida."

"Ni mwandiko wa binti yangu. Nilimwahidi hatauona mtu."

"Jina lake lipo?"

"Halipo."

"Basi nani atajua?"

"Yeye atajua."

"Atafurahi! Mtoto gani hapendi kutoka gazetini?"

"Wangu," alisema Milimita.

Mhariri alizitia simu zake mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Akashusha sauti. "Nikisimamisha mtambo, inabidi niwapigie wafadhili niwaambie kilichowaliza hakimo tena. Na kesho asubuhi magari yanapeleka mashuleni. Siwezi, dada yangu. Niombe kingine chochote."

Milimita alikwenda kiwandani mwenyewe. Fundi wa mtambo alifahamiana naye tangu enzi za wembe na gundi. Alikuwa na pamba masikioni na wino mpaka viwiko, ikabidi Milimita ampigie kelele sikioni habari nzima. Fundi alitikisa kichwa kwa huruma.

"Dada, mimi ningesimamisha hata sasa hivi. Lakini amri si yangu. Niletee sahihi ya mhariri."

"Hatoi."

"Basi nifanyeje?"

Fundi akampeleka kwenye marundo, akamfungulia nakala moja. "Angalia lakini weusi ulivyokaa," alisema, na kiburi cha kazi kilimtoka bila kukusudia. Milimita, Mungu amsamehe, aliangalia. Weusi ulikuwa umekaa vizuri sana. Zilikuwa nakala elfu nne, na mtambo ulikuwa unaendelea kutema nyingine. Akafikiria kubeba, lakini angebeba ngapi? Alisimama hapo na mkoba wake begani mpaka fundi akamletea kiti.

Alirudi nyumbani akiwa amepanga maneno: kwanza atasema hivi, halafu hivi. Akamkuta Kasuku jikoni, spika zikining'inia shingoni, anaongea. Anaongea! Mara habari za mwalimu aliyekaa kwenye chaki, mara wimbo mpya, mara rafiki aliyekata nywele akajuta. Milimita alisimama mlangoni akimsikiliza mtoto aliyemkosa kwa miezi minane.

"Na gazeti lako? Umeacha kunyoosha?"

"Nimeacha."

"Nitaliona lini?"

Hapo ndipo pa kusemea. Mtoto mwenyewe kauliza.

"Kasuku..."

"Abee, mama."

"Jino linaniuma."

Kasuku akamchemshia maji ya chumvi, akamshikia glasi kwa mikono miwili. Milimita alisukutua, akatema, akasukutua tena. Kesho asubuhi, alijiambia, kesho asubuhi kabla hajatoka. Asubuhi Kasuku alikuwa na zamu ya usafi darasani, akaondoka mama yake akiwa bado anaoga.

Alhamisi hiyo Milimita hakupanga hata ukurasa mmoja. Aliangalia saa ya ukutani, akahesabu vipindi vya shule. Aliporudi, Kasuku alikuwa amekaa mezani na sare yake, mkoba bado mgongoni.

"Mwalimu wa lugha aliutambua mwandiko kabla hajamaliza mstari wa kwanza," alisema. "Akanipongeza mbele ya darasa."

Milimita hakuweza kukaa.

"Mapumziko wenzangu walikuwa wameshautia sauti. Wanauimba koridoni. Wamevua viatu wakavipanga mlangoni mwa darasa, wanapita wanajikwaa. Mmoja mmoja. Wanacheka."

Milimita alieleza. Alieleza penseli, fotokopi, jino, mhariri, mtambo. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kusikia kwamba hakuna hata kimoja kinachomhusu mtoto. Mtoto alisema usimwonyeshe mtu, na yeye akaliingiza daftari kwenye mkoba. Mengine yote yalifuata hapo.

"Nisamehe, mwanangu."

"Sawa."

"Kasirika basi. Nifokee. Sema lolote."

"Sawa, mama."

Akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu. Milimita angeshukuru kama angeubamiza.

Wiki mbili baadaye Kiitikio lilikuwa limejipatia sifa. Shule zikaomba nakala zaidi, na mhariri akamjia Milimita akiwa anang'aa. Toleo la pili wafadhili walitaka vichwa vyote vya habari viwe kwa mwandiko ule, jarida zima liwe na mkono mmoja. "Muombe mtoto atuandikie herufi zote, kubwa na ndogo. Safari hii tunaweka na jina lake. Umeona?"

"Nitajaribu kuzichora mwenyewe," Milimita alisema.

Alijaribu kutwa nzima. Aliweka ukurasa wa kumi na mbili mbele yake, akashika kalamu. Mikia aliipata, hata mwinamo aliupata. Lakini kila herufi iliyotoka ilikuwa imesimama kama imeitwa mbele ya mwalimu. Alijaza karatasi tisa, akazichana tisa, akaaga mapema.

Nyumbani Kasuku alimsubiri mezani na fomu ya shule, ya ziara ya kimasomo. Nafasi zote alikuwa ameshazijaza mwenyewe. Ilibaki sahihi ya mzazi. Milimita alivaa miwani ili asome. Kisha akasoma tena, si maneno bali herufi. Zilikuwa nyoofu, fupi, kila moja imejitenga na mwenzake, hakuna mkia, hakuna irabu iliyoachwa wazi. Mtu angedhani nazo zimechapwa pamoja na fomu. Akageuza madaftari ya shule yaliyokuwa pembeni, hesabu, jiografia, lugha. Kuanzia Ijumaa ile, kesho yake ya jarida kufika shuleni, kurasa zote zilikuwa hivyohivyo.

"Kasuku, huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Na ule?"

"Ule ni wa gazeti," Kasuku alisema, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza chumvi ilipo. Akamsogezea kalamu. "Weka sahihi hapo chini, mama. Inatakiwa kesho."

Milimita akaweka sahihi.