Bi Bakuli na Pini za Njano

Njia ya baiskeli ya mji ule ilijengwa kwa ajili ya afya, lakini wananchi wakaitumia kwa ajili ya kula. Mtu alitoka nyumbani Jumamosi asubuhi amevaa kaptura ya kubana na kofia ngumu, akawaaga watoto kana kwamba anakwenda vitani, akapiga pedeli mpaka kona ya kwanza, akashuka akanywa juisi. Kona ya pili palikuwa na mkahawa wa vioo, ambako kahawa ililetwa ndani ya kikombe kidogo kama cha kupimia dawa ya kikohozi. Baada ya hapo njia ilipita chini ya daraja, ikaufuata mto, na hapo ndipo ulipoanza utawala wa Bi Bakuli.

Utawala wenyewe ulikuwa turubai moja, meza chache na sufuria la supu. Bi Bakuli hakuuza kitu kwa kikombe. Aliuza kwa bakuli, na bakuli lake lilikuwa na kina cha kutisha. Mteja mfupi akiliinamia, ulichokiona ni kofia tu. Upepo wa mtoni ulivuma pale bila adabu, kwa hiyo vitambaa vya plastiki vya mezani alivibana kwenye mbao kwa pini zenye vichwa vya njano, pembe zote na kingo zote. Upepo ulijaribu kila siku, ukashindwa, ukaenda kuwasumbua wengine.

Pembeni, chini ya turubai hilohilo, alikaa mdogo wake, fundi baiskeli, mrefu na mwembamba hivi kwamba wateja walimwita Spoki. Wazazi wao walipofariki, Bi Bakuli ndiye aliyemlea. Yeye ndiye aliyemnunulia spana ya kwanza, tena alipoanza kujifunza kuziba pancha, yeye ndiye aliyemshikia tyubu ndani ya beseni la maji mpaka vidole vikakunjamana kama vya bibi kizee. Kila asubuhi kazi ikipungua walikula pamoja, bakuli moja, vijiko viwili. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya maisha yake, ingawa yeye aliiita kupumzika.

Kisha Spoki akaoa.

Isisemwe kwamba Bi Bakuli aliipinga ndoa. Alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kosa la bibi harusi halikuwa kuolewa. Kosa lake lilikuwa kufungua kibanda kona iliyofuata, umbali ambao mtu mwenye macho makali na roho iliyochafuka aliweza kuona kila kitu. Huyo wifi aliviringisha mayai ndani ya mkate laini, akayafunga karatasi, na mwendesha baiskeli akala kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika usukani.

"Mtu anakula huku anaendesha!" Bi Bakuli alimlalamikia kila aliyekaa. "Kesho mtawaona wanaoga huku wanaendesha."

Haukupita muda, Spoki akalibeba sanduku lake la spana.

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Kule kona ya mbele, dada. Kuna kivuli."

"Na hapa kuna nini? Jehanamu?"

"Hapa pia kuna kivuli. Ila kule yupo mke wangu."

Jibu hilo lilikuwa fupi, la kweli, na lisilosameheka.

Wateja nao wakalifuata sanduku. Maana waendesha baiskeli wana desturi yao: hula pale baiskeli inaposhughulikiwa. Cheni ikipakwa mafuta, tumbo nalo linakumbuka haki zake. Miaka yote Bi Bakuli aliamini kwamba wanaifuata supu yake; sasa walimpita wakipiga kengele, "Shikamoo, Bi Bakuli!", bila kupunguza mwendo. Hata Kapteni, daktari wa meno aliyeongoza msafara wa Jumamosi, alikuwa akirudi amejaza mkate mashavu yote mawili.

"Daktari wa meno," Bi Bakuli alisema, "anatafuna barabarani kama mbuzi."

Lakini wateja angeweza kuwasamehe. Kilichomkaa kooni kama mfupa wa samaki ni kicheko. Kila alipotazama kona ile alimwona Spoki amerusha kichwa nyuma, anacheka, na wifi anamfuta grisi shavuni kwa ncha ya kanga. Bi Bakuli alijaribu kukumbuka ni lini mdogo wake aliwahi kucheka hivyo mbele ya supu yake. Hakukumbuka. Akakichukua kile kijiko cha pili, akakiosha, akakirudisha kwenye mkebe wa vijiko. Alikiosha kila siku, ingawa hakuna aliyekichafua.

Ijumaa moja akiwa anamenya karoti, hekima ilimshukia. Fundi ni kama mganga: huenda walipo wagonjwa. Baiskeli zikiugua mbele ya turubai lake, Spoki atalazimika kuja na sanduku lake, atakaa mahali pake, atasikia harufu, na kijiko kitampata mwenyewe. Hoja ilikuwa imenyooka kabisa. Ilipungukiwa na kitu kimoja tu, nacho ni akili.

Kesho yake alifika mapema kuliko wote. Alihitaji vitu vyenye ncha, na maduka yalikuwa hayajafunguliwa. Macho yake yakatua mezani.

Alizing'oa pini zote kwa kisu cha karoti. Akazimwaga njiani kwa mkono wa ukarimu, kama mkulima anayetegemea mavuno. Vitambaa akavilaza vizuri na kuvipigapiga, mfano wa mtoto anayebembelezwa alale. Upepo ulikuwa haujaamka.

Msafara ukaja. Kapteni alikuwa mbele, kifua mbele, kitambi mbele zaidi.

Psssss.

"Pancha!" alipaza sauti Kapteni.

"Hata mimi!"

"Jamani, na yangu! Zote mbili!"

Bi Bakuli alitoka mbio, mikono kichwani. "Poleni wanangu! Uuu, poleni! Njia siku hizi imeharibika, kama dunia. Kaeni, kaeni, supu ya moto. Msiwe na wasiwasi, nina ndugu yangu fundi." Akapiga simu palepale. "Mdogo wangu, njoo upesi. Huku kuna msiba."

"Nani amekufa?"

"Matairi."

Spoki alikuja na sanduku begani, na moyo wa dada ukaruka kama samaki. Kisha ukaanguka. Nyuma yake alikuja wifi, pampu mkono mmoja, beseni mkono wa pili.

"Wifi, umejisumbua bure," Bi Bakuli alisema, akitabasamu kwa meno tu.

"Usumbufu gani, wifi? Shida yako si yetu?"

Spoki alikaa mahali pake pa zamani. Akavua tairi la kwanza, akapitisha kidole, akatoa pini yenye kichwa cha njano. La pili, njano. La tatu, njano. Akazipanga kiganjani na kuzitazama kwa muda mrefu, halafu akamtazama dada yake. Dada alikuwa anautazama mto kwa makini sana, kama anayefikiria kuununua.

Ndipo upepo ulipoamka. Pembe ya kitambaa cha meza ya Kapteni ikainuka kidogo, polepole, kama mwanafunzi anayetaka ruhusa ya kwenda nje. Aliyeiona ni wifi peke yake. Akaviona vitundu mbaoni, vimejipanga kingo nzima. Akauchukua mkebe wa chumvi, akaukandamiza juu ya ile pembe.

"Ninachotaka kujua," alisema Kapteni, na sauti yake ilikuwa ileile ya kumwambia mtu kwamba jino haliponi, "hizi pini ni za nani?"

Vijiko vikasimama hewani.

"Zangu," alisema wifi. "Nilinunua za kubandikia karatasi kibandani. Nimepita hapa jana, mfuko umetoboka, bila shaka zilimwagika. Nisameheni, ndugu zangu."

Bi Bakuli aligeuka kutoka mtoni. Alikuwa ameokoka. Angeweza kunyamaza, na hadithi hii ingeishia hapa kwa amani. Lakini Kapteni alisimama.

"Mmeona? Mtu mkweli! Angeweza kukaa kimya, nani angejua? Ndiyo maana tunakula kwake."

"Muungwana huyu," akaitikia kinyozi mmoja wa msafara.

"Mungu akuzidishie, mama."

Wakampigia makofi. Makofi! Chini ya turubai la Bi Bakuli, huku wamekalia viti vya Bi Bakuli! Hayo yote angeyameza. Ila alimwona Spoki anamtazama mkewe. Spoki alijua, naye alijua kwamba mkewe anajua, na macho yake yalikuwa yale ya mtu aliyeletewa baiskeli mpya mlangoni na kuambiwa ni yako.

Hilo Bi Bakuli hakuweza kulimeza.

"Muongo!" alipiga kelele. "Muongo mkubwa! Pini ni zangu! Nimezimwaga mimi, kwa mkono wangu huu! Asijifanye mwema kwa dhambi yangu!"

"Wifi..."

"Usinisitiri! Nani kakuomba unisitiri? Tazameni wenyewe!" Akaunyakua mkebe wa chumvi.

Upepo haukungoja kuambiwa mara mbili. Kitambaa kilipaa chote, bakuli likamwendea kinyozi mapajani, na plastiki ikamfunika Kapteni uso na mabega kama maiti ya heshima. Alipojifunua, kipande cha karoti kilikuwa kimemkaa sikioni.

Hakuna aliyecheka. Walitamani, lakini walimwogopa Kapteni.

Spoki aliuliza taratibu, "Kwa nini, dada?"

Bi Bakuli alikuwa na majibu mengi aliyoyaandaa tangu siku sanduku lilipohama: kuhusu kivuli, kuhusu wake za watu, kuhusu mayai. Yote yakatoroka. Likabaki moja, dogo, la kutia aibu.

"Kijiko chako kipo tu pale mkebeni," alisema.

Spoki alitazama mkebe wa vijiko. Akakiona kijiko, kinang'aa kuliko vingine vyote. Akakuna kichwa, grisi ikaingia kwenye nywele. Mwisho akalisukuma beseni kwa mguu.

"Haya. Kaa. Shika tyubu. Baiskeli ni nyingi, na wewe ndiye uliyezitoboa."

Basi asubuhi ile nzima Bi Bakuli alikaa kwenye kigoda ubavuni mwa mdogo wake, mikono ndani ya maji, akitafuta mapovu. "Hapa," alisema. Spoki akakwaruza, akapaka gundi, akabandika kiraka. "Na hapa." Vidole vikakunjamana. Mara moja Spoki alicheka, akirusha kichwa nyuma, kwa sababu ya karoti ya Kapteni, na Bi Bakuli akajikaza asitabasamu, akashindwa. Alikuwa amepata alichokitaka.

Tatizo ni kwamba mtu mwenye mikono ndani ya beseni hawezi kupakua. Wateja walikuwa na njaa, tena na kisirani. Wifi alikuwa amekwishajifunga aproni ya Bi Bakuli, ameshika upawa wa Bi Bakuli, anazunguka meza za Bi Bakuli. Bi Bakuli aliyaona hayo kwa pembe ya jicho, na kila upawa ulipozama sufuriani ni kama ulizama kifuani mwake.

"Bi Bakuli!" Kapteni aliita kutoka mezani, hasira yote imeisha. "Supu ya leo imekolea! Haijawahi kuwa hivi!"

Tyubu ilimponyoka Bi Bakuli, ikaelea.

Baadaye wifi alileta bakuli moja na vijiko viwili, kimojawapo kile kinachong'aa, akaviweka katikati ya ndugu hao wawili, akaondoka kurudi jikoni. Bi Bakuli alionja. Ilikuwa tamu. Katika mabaya yote ya siku ile, hilo lilikuwa baya kuliko yote.

"Umetia nini humu, wifi?" aliuliza kwa sauti ya juu.

"Ndimu tu, wifi."

"Imezidi," alisema Bi Bakuli, akachota tena haraka kabla Spoki hajaimaliza.