Baba Mkwe Ndani ya Miwani

"Kuanzia Ngonga mpaka Ikolo hakuna anayenishinda kusimulia," Angetile alimwambia Prisca huku akipepeta mchele. "Walionishinda wamekufa. Amebaki mmoja, naye hana meno, hasikiki."

Prisca alikuwa msichana wa Mbeya mjini, akikusanya hadithi za wazee na kuzitia ndani ya miwani mikubwa. Ukiivaa unaingia hadithini mzimamzima. Ukigeuka, unaona hata nyuma. Angetile akamsimulia jinsi baba mkwe wake alivyofyeka matete kando ya ziwa, akagawa mashamba. Prisca akachora matete, viboko na mvua. Mzee hakumchora. Mzee alikuja mwenyewe kutoka kaburini, akasimama mpakani mwa shamba na mundu wake.

"Hamalizi chaji," Prisca alisema baada ya kuikagua miwani. "Abaki tu."

Shamba hilo ndilo Amon alilolichukua mwaka ule ule alipomzika kaka yake, mume wa Angetile. Alisema baba hakumpa marehemu hata jaruba moja. Tangu hapo Angetile alipepeta mchele wa watu.

Mzee angeulizwa, yangekwisha. Ila mkamwana wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akimwona njiani, anajitupa migombani. Angetile alivaa miwani, na kila alikogeukia, mzee yuko. Akafumba macho, akachuchumaa, akaivua. Wasio wa ukoo walipovaa, mzee aliwapa mgongo.

Akabaki Amon, mwanawe. Siku ya kikao ofisini kwa kijiji alivalishwa miwani, masikio yakazibwa kwa spika zake. Angetile akageukia ukuta kwa heshima.

"Shikamoo, baba," Amon alinong'ona, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Ndiyo, baba. Najua ulimpa kaka. Niache basi nivune kwanza. Usinitazame hivyo."

Akavua miwani, akajifuta jasho.

"Enhe?" mwenyekiti aliuliza.

"Hajasema la maana. Kaulizia ng'ombe."

Mwenyekiti, ambaye mchele wa shamba lile alikwisha kuuonja, akatamka kwamba shahidi hakusikika, shamba libaki lilipo. Nje, vibarua wa Amon hawakuwa wameacha kuvuna hata kidogo.

"Ndaga, asante, shemeji," Angetile alisema, uso bado ukutani. "Lakini masikio yaliyozibwa yalikuwa yako. Yetu yalikuwa wazi."