Kiti cha Jumamosi

Choo cha uwanja wa chuo kikubwa kilikuwa na maji ya moto. Dwight Hoekstra alifungua bomba, akalifunga, akalifungua tena kwa wivu. Kwao, katika uwanja wa chuo kidogo cha Prairie Fork, maji hukatwa kuanzia Oktoba ili mabomba yasipasuke kwa baridi, na watu hujisaidia kwenye vibanda vya plastiki vinavyotikiswa na upepo. Hapa mtu ananawa kama sultani, kisha anarudi kwenye kiti chenye mto.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mke wa Merle, mdogo wake Dwight. Mama yule alikuwa amechoshwa na futiboli ya Kimarekani na ameapa hatakikalia tena. Merle akampa kaka yake nafasi: akubali leo, kabla hawajatoka uwanjani, au kiende kwa jirani. Ni kiti cha msimu mzima, kila Jumamosi. Na kwa kuwa Prairie Fork nao hucheza Jumamosi, kukikubali ni kuiacha timu aliyoishabikia kwa miaka thelathini na mmoja.

Leo timu hizo mbili zilikuwa zinakutana, na Prairie Fork walikuwa wameshachapwa thelathini na moja kwa tatu.

"Hivi ile ni bendi yenu au ni wauza karanga?" Merle akamchokoza. "Nimehesabu watu kumi na wanane."

"Kumi na tisa. Mmoja yuko chooni, ananawa."

"Unajitesa bure, kaka. Umri wote huu unashabikia watu wa kupigwa!"

Macho ya Dwight yalimfuata namba kumi na moja, mdakaji wa pasi wa timu ya wenyeji, Marquell Toliver. Kwa misimu miwili kijana yule alikula mezani pake, katika ukumbi wa chini wa kanisa, ambako kila Alhamisi Dwight huwapikia wachezaji wa Prairie Fork maharagwe mazito yenye nyama ya kusaga na pilipili, yanayoliwa na mikate mitamu ya mdalasini. Marquell hakuridhika mpaka apanguse bakuli kwa mkate wa nne. Kisha chuo kikubwa kikamwita, naye akaenda. Mkono mtupu haulambwi. Dwight alilijua hilo na hakumlaumu kijana. Aliwaonea kijicho waliomchukua, tena kijicho cha wazi, kisicho na haya.

Katika robo ya tatu mpira ulirushwa mbali. Marquell akaruka katikati ya walinzi wawili wa Prairie Fork, akaudaka kwa mkono mmoja, na miguu ya Dwight ikasimama kabla ya akili yake.

"Kimbia, mwanangu! Kimbia, usitazame nyuma!"

Marquell akakimbia hadi akavuka mstari wa mwisho. Uwanja ukalipuka. Watu asiowajua wakamkumbatia Dwight na koti lake la Prairie Fork, bibi mmoja akambusu shavuni, na Merle akacheka mpaka bia ikampalia.

"Haya! Sasa umekuwa wetu!"

Dwight akaketi taratibu. Aliona aibu, lakini si aibu iliyomtisha. Ilikuwa tamu. Hakuwahi kushangilia pamoja na watu elfu sabini, na sasa alijua wenzake wanapata nini kila wiki.

Mechi ilipokwisha, alishuka hadi kwenye uzio. Marquell alimwona, akaja mbio.

"Mzee Dwight! Umekuja!"

"Nimekuja. Wanakulisha?"

"Aa, mzee, huku tunakula! Samaki, nyama, matunda. Mpishi anakuuliza kabisa unataka nini."

Dwight akangoja. Alitaka kijana aseme kuna kitu anakikosa, walau kimoja. Marquell akampa mkono kwa heshima zote, kisha akarudi kwa wenzake waliokuwa wakipiga picha. Hakuwa na alichokikosa.

"Basi, nikuandikishe?" Merle akauliza nyuma yake.

"Nani atawapikia vijana Alhamisi?"

"Wapikie, nani kakukataza? Kiti ni cha Jumamosi."

Ilikuwa kweli tupu. Dwight akatafuta kisingizio kingine, asikipate. Upande wa pili wachezaji wa Prairie Fork walikuwa wakitoka vichwa chini, mmoja akichechemea huku ameegemea bega la mwenzake.

"Nikikaa hapa Jumamosi," akasema mwishowe, "Alhamisi nitawatazamaje usoni nikiwapakulia?"

Merle akatikisa kichwa. "Utajuta, kaka."

"Nimeshaanza kujuta."

Wala hakuwa anatania. Akampa mdogo wake mkono, akaondoka kwa haraka kuelekea lango la wageni, awawahi kabla basi lao halijaondoka.