Kufunga si Kushona

Watu wa Tononoka walinipa majina mengi kabla sijashika mimba, na hakuna aliyeniuliza kama nayataka. Mimi si mtu wa kulilia majina. Nilimwambia mume wangu Gunga twende tukapimwe, na picha ikaonyesha kizazi changu kimegawanyika juu, kina vyumba viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa. Nikapewa vidonge vya kukomaza mayai. Mimba ya kwanza ilitoka na miezi mitano, nikalia mpaka sauti ikakauka. Ya pili ikaja na pacha, mmoja kila chumba.

Daktari Kasyoka ni mwanamke mfupi wa Ukambani, akisema neno amelisema. Mwezi wa nne ulipokwisha alinipima, kisha akawaita Gunga na mamake, Bi Mwanakuu, karibu na kitanda changu.

"Nafasi ni ndogo na watoto ni wawili," alisema. "Mlango wa kizazi umeanza kulegea. Tukiuacha, watatoka kabla hawajaweza kupumua. Lazima tumfunge leo."

Loo! Mama mkwe angemwagiwa maji ya moto hangeruka vile.

"Kumfunga kizazi? Mwanamke hana hata mtoto mmoja! Hamtomfunga mtu hapa!"

"Si kizazi, mama. Ni mlango tu."

"Na mlango ukishafungwa, yuwapi wa kuufungua?"

Gunga, ambaye bandarini huinua makontena kwa kreni bila kutetemeka, alisimama na kalamu mkononi, akimtazama mamake, akinitazama mimi. Bila sahihi yake hawangenigusa. Hasira zikanipanda. Wanangu wanateleza, na watu wazima wanabishania neno!

"Mama," nikasema kwa ukali, "wataka niwapoteze na hawa?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda, buibui likamteleza mabegani.

"Mwanaesha, mimi n'lipomzaa Gunga walinipasua. N'lipozindukana nikaambiwa nishafungwa kizazi, ati nisije nikafa. Hakuna aliyeniuliza. Ndipo ukaona Gunga hana ndugu."

Ukali wangu ukaniishia pale pale. Miaka yote nilidhani hakujaaliwa tu. Hata Gunga alikuwa hajui. Nilimwona akiinamisha kichwa. Nilimhurumia mama, lakini huruma haizuii mimba kutoka. Yeye huuza nazi, na magunia yake huondoka Mwembe Tayari kwa basi la Nairobi. Nikamshika mkono.

"Mama, gunia la nazi ukishalijaza, mdomo waufanyani?"

"Naushona kwa shazia na uzi. Ama nazi zimwagike njiani?"

"Likishafika Nairobi?"

"Wakata uzi, watoa..." Akamgeukia daktari kwa jicho kali. "Kumbe ni kushona?"

"Ni kushona, mama. Watoto wakikomaa, nakata uzi."

"Na baadaye aweza kuzaa tena?"

"Anaweza."

"Sasa mbona hukusema kushona tangu mwanzo, mwanangu? Umesoma yote hayo, Kiswahili ukakiacha?" Daktari Kasyoka akacheka, nami nikacheka nimelishika tumbo. "Gunga, tia sahihi, wangoja nini? Na uzi uwe madhubuti, daktari. Mzigo wenyewe ni wa watu wawili."

Nilishonwa siku ile ile. Nikarudi nyumbani kulala, miguu juu ya mito, mama akinipikia uji na kuwafukuza wageni wenye midomo. Alikuja hata mkunga wa mtaani kutaka kunikanda tumbo ati watoto wakae sawa. Mama alimrudishia mlangoni. Sikuogopa. Nilikuwa na daktari anayejua kazi yake na mkwe anayejua kulinda mzigo, nikaona hao wanatosha.

Mwezi wa nane ulipoanza, uchungu ukaja, haukutulia. Mtoto mmoja alikuwa amelala kingamo, kwa hiyo daktari alikata uzi, kisha akanipasua. Wakatoka msichana na mvulana, wadogo, wanalia kwa hasira, hasira zangu mimi. Wakawekwa kwenye mashine ya joto.

Mama mkwe aliporuhusiwa kuingia, muuguzi alimtuliza: "Usishtuke, bibi, ni wadogo kwa sababu wamewahi. Hawakutimiza miezi yao."

Mama hakumsikiliza. Aliwainamia, machozi yakimdondoka.

"Mmekawia, wanangu," akawaambia. "Mmekawia mno."