Bundi wa Mususa

Mvua ya alasiri ilikuwa bado inapiga mabati ya Mususa, mjini Butembo, wakati dereva mmoja kutoka Beni alipobisha kwa daktari Ngalula, katoni ya biskuti ameikumbatia kifuani. Maji yalimtiririka kutoka kwenye kofia yake nyeupe hadi shingoni, naye hakuyafuta. Alisema anaitwa Ramazani, na kwamba huko Beni ameambiwa Butembo nzima kuna mtu mmoja tu anayetibu ndege.

"Docteur, hii ndege hapana ikufe," akasema. "Nakuomba na Mungu. Ile mingine yote tutazungumuza kisha."

Ngalula alikuwa mzaliwa wa Kasai, ameletwa na serikali kwenye huduma ya mifugo. Asubuhi alikuwa mtu wa ng'ombe na chanjo. Alasiri, katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga, alitibu viumbe ambao wenzake kazini waliwacheka: kasuku wa wakubwa, ndege waliojinyonyoa manyoya kwa upweke, kima wa mwanajeshi mmoja, kobe aliyekanyagwa na pikipiki. Alizoea kufungua katoni bila kujua atakutana na macho gani. Alipoifungua hii, mkono wake ulirudi nyuma wenyewe.

Uso mweupe, bapa, kama uliopakwa unga. Macho mawili meusi, moja limejaa damu ndani. Bundi.

Kwao Kasai, bundi akilia juu ya nyumba, bibi yake alitupa chumvi motoni na kuwakataza watoto kuitikia jina lolote hadi kuche. Miaka yote ya chuo kikuu haikuifuta chumvi ile. Lakini mikono ya Ngalula ilikuwa na masomo yake. Alimfunika ndege kichwa kwa kitambaa ili giza limtulize, akalikunjua bawa la kushoto polepole, akapapasa. Mfupa mmoja wa bawa ulikuwa umevunjika. Mwenzake, unaolala sambamba nao, ulikuwa mzima.

"Ana bahati," akasema. "Mfupa mmoja utaushikilia mwingine mpaka uungane. Lakini jicho, sijui. Ulimupata wapi?"

"Mu barabara. Alijigonga kwa gari." Ramazani aliyasema hayo akiwa ameukazia macho ukuta. Tangu aingie hakumtazama ndege hata mara moja.

Ngalula alilifunga bawa likashikamana na mwili, akadondosha dawa ya maumivu mdomoni, akamweka ndege ndani ya kizimba kilichofunikwa kitenge, kwenye kona ya ukuta wa ndani. Ramazani alipoondoka na mvua kukatika, ndipo alipousikia ule mlio. Bundi hakuwa akilia kama watu wanavyoigiza. Alikuwa akipumua kwa kukoroma, pumzi ndefu yenye mchanga ndani yake, kama mtu aliyelala vibaya.

Na upande wa pili wa ukuta, mtu alikuwa akipumua vile vile.

Alikuwa mama wa Maman Kavira, mwenye nyumba. Kikongwe huyo alikuwa na ugonjwa wa kifua, amelazwa chumba cha pili tangu hospitali ilipomrudisha nyumbani. Ngalula aliizoea pumzi yake kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Sasa zilikuwa mbili. Moja ikipanda, nyingine ilishuka.

Siku zilizofuata bundi alikataa kula. Ngalula alimlisha panya kwa koleo, vipande vidogo pamoja na manyoya na mifupa yake, kwa sababu bila hivyo tumbo la bundi halifanyi kazi. Asubuhi moja ya ukungu akakuta chini ya kizimba kidonge cheusi cha manyoya kilichotapikwa, akafurahi peke yake kama mtu aliyepata barua. Tumbo limefunguka. Lakini furaha hiyo haikufika mbali. Alikuwa ameanza kusikiliza. Akiandika, akinawa mikono, akipika, sikio lake lilibaki ukutani likitafuta pumzi ipi ni ya nani. Kuna alfajiri aliamka amekaa kitandani, amesikia jina lake, na hakuthubutu kuitikia.

Maman Kavira aligundua siku alipoleta bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo. Bundi alipiga kelele, ukelele mmoja mkali, kama wa mtu anayekabwa, na bakuli likaanguka.

"Docteur! Uko nafuga hibou mu nyumba yangu? Na mama yangu iko vile unamuona?"

"Maman Kavira, ni mugonjwa tu. Bawa lilivunjika."

"Hapana niambie mambo ya bawa. Miye nilikupokea hapa, haukuwa na ndugu mu hii mji. Ile kitu itoke. Leo."

Ngalula hakubishana. Angebishana na nani, na yeye mwenyewe alikuwa amelala taa ikiwaka? Alikihamisha kizimba kwenye kibanda cha kuni, mwisho wa ua, akamtumia Ramazani ujumbe kwamba aje.

Ramazani alikuja kesho yake. Alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, na safari hii akasema.

Walikuwa na malori mawili, wakishuka kuelekea Beni jua likiwa linazama. La mbele liliendeshwa na Baraka, mtoto wa mama yake mdogo, waliyekua naye wakila sahani moja. Ndipo kitu cheupe kilipompiga Ramazani kwenye kioo.

"Pale batu habasimamake, Docteur, juu ya bale ba bunduki mu pori. Hata gari ikifa, unashuka unaikimbia. Lakini miye nilisimamaka. Sijue juu ya nini. Nilimuona pale chini, ananiangalia. Nikashuka, nikavua koti, nikamufunika. Baraka hakuona. Akaenda, akapita kona. Kisha nikasikia masasi. Balimuua mule mu gari."

Nje pikipiki ilipita, ikaishia mbali.

"Batu ya kwetu banasema ndege iliniokoa. Muke ya Baraka, yeye anasema ndege ilikuja kumuita bwana yake, na miye nikaibeba mu gari kama mugeni. Basi niambie weye mwenye kusoma. Ilinishika, ao ilimuita? Juu ikikufa, miye nitajua ni mimi njo nafuata."

Ngalula akavuta kiti karibu naye. "Papa Ramazani, alikuwa anawinda panya kando ya barabara. Taa ya gari ilimupofusha. Ni vile tu."

"Ni vile tu?"

"Ni vile tu."

Aliona kwamba jibu hilo limemwumiza kuliko lile alilolihofia. Bundi aliyemwita Baraka angalau alikuwa na sababu. Ramazani alitikisa kichwa taratibu, akaomba maji ya kunawa, akaswali pale pale kwenye kona iliyobaki tupu. Kisha akarudi Beni bila ndege, maana bawa lilikuwa halijaungana.

Kabla wiki haijaisha, Maman Kavira alibisha mlango kukiwa ndiyo kunapambazuka. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya nguo ya kulalia.

"Docteur, rudisha ile ndege."

Ngalula alidhani hakusikia.

"Mama hapana analala. Tangu uliitoa, anageuka, anauliza: ule mutu mwenye kupumua na miye, alienda wapi? Mbona bananiachia peke? Anasema alikuwa baba." Akajifuta uso kwa kiganja. "Baba alikufaka miye nikiwa mudogo. Miye naogopa, Docteur. Naogopa ile ndege sana. Lakini irudishe."

Walikibeba kizimba wawili, Maman Kavira akiwa ameangalia pembeni. Hata kitenge hawakukigusa. Bundi alipowekwa penye kona yake alikoroma kwa hasira ya kusumbuliwa, na upande wa pili kikongwe akaguna kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kitandani. Mchana huo alilala.

Kikongwe aliondoka Jumapili, nusu ya watu wa avenue, mtaa wao, wakiwa kanisani. Ngalula alikuwa akichemsha vyombo. Ghafla aliona nyumba imekuwa kubwa, akajua ni kwa nini: hakuna aliyekuwa akipumua. Alikimbilia kizimba, akafunua kitenge akitarajia maiti ya ndege. Bundi alikuwa mzima, amesimama wima, uso wake wote ameugeuzia ukutani. Alisikiliza. Walisikiliza wote wawili. Ndipo kilio cha Maman Kavira kilipopanda.

Kilioni maneno hayakukawia. Siku ya maziko wanaume wa avenue walisimama mlangoni kwa Ngalula, wameshika fimbo, wakisema Mukasai atoe hibou yake ama watoke wote wawili. Alisimama kizingitini mbele yao. Ni Maman Kavira aliyetoka kati ya wanawake, kichwa kimefungwa kitambaa cha msiba.

"Mama yangu alikufa na kifua. Hôpital ilisemaka hivyo, na nyote munajua. Ile ndege njo miye niliiomba irudi. Kama kuna muchawi hapa, muniite miye."

Walitazamana, wakatawanyika wakinung'unika. Yeye hakumtazama Ngalula. Alirudi kukaa kwenye mkeka.

Bawa lilipona. Ngalula alilinyoosha kidogo kidogo kila siku lisikakamae, kisha Ramazani akapata ghala tupu la kahawa wakamjaribishe humo. Mwanzo bundi aliruka kombo, akagonga ukuta, akaanguka. Siku ya pili alifika mwisho wa ghala. Jicho lenye damu halikurudi kuona, lakini Ngalula alipoachia panya kwenye majani makavu, gizani, bundi alimshukia pasipo kukosea. Anawinda kwa masikio, alimweleza Ramazani. Jicho moja linamtosha.

Walimpeleka kusini, njia ya Kirumba, mahali penye mikaratusi na mashamba ya viazi. Ilikuwa jioni. Ngalula alifungua katoni, na kwa mara ya kwanza Ramazani akainama, akamtazama ndege usoni, kwa muda mrefu. Alimwambia kitu kwa sauti ya chini. Ngalula hakusikia ila jina la Baraka.

Bundi aliruka. Mabawa yake hayakutoa hata ule upepo wa kitambaa kinachokung'utwa. Alikuwepo, kisha hakuwepo.

"Alienda upande gani?" Ramazani akauliza.

"Chini, kwa viazi."

"Hapana Beni?"

"Hapana Beni."

Ramazani alivuta pumzi, akakaa kwenye ngazi ya lori akalia, na Ngalula akakaa karibu naye hadi alipomaliza. Mzigo wa njia ya Beni hakuubeba tena. Siku hizi hupakia viazi na maharage ya Kayna, huko kusini. Kwa mjane wa Baraka alikwenda mara moja; hawakuzungumza mengi, lakini alimpokea, akampa kiti.

Ngalula bado yuko Mususa. Watu bado wanamletea kasuku wao, ingawa wengine hukataa kuingia, humpitishia kizimba dirishani. Chumba cha pili Maman Kavira hajakipangisha. Hukifagia kila Jumamosi, na akimaliza hukaa humo kidogo, mlango umefungwa, sikio likiwa upande wa ukuta.