Alichorudia Babu Shambani

Babu yangu Abdulmuti hakuogopa nyoka wala mama mkwe. Aliogopa Yemen. Enzi za ujana wake Waturuki walikuwa wakikamata vijana wa bonde letu, si mbali na Haifa, na kuwapeleka kupigana huko, na aliyekwenda hakurudi yeye wala habari yake. Kwa hiyo karani wa serikali alipofika kuandika nani ana ardhi, wazee wa kijiji waliona ni mtego: ukiandikwa tu, jeshi limeshajua unapolala. Wakakubaliana ardhi yote iandikwe kwa jina la tajiri mmoja wa Beirut, Khawaja Farhuti, yaani Bwana Farhuti, ambaye hakuwahi kukanyaga tope letu. Tukawa tunampa fungu la ngano kila mavuno, naye akatuacha tulime. Wazee wakajiona wamempiga chenga Sultani wa Waturuki. Na kweli walimpiga. Babu hakwenda Yemen, akaoa, akazeeka.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Khawaja alipokufa, mwanawe aliliuza bonde zima kwa Mayahudi waliokuwa wakihamia kutoka Urusi na Poland. Sisi tulipata habari siku walipokuja watu wenye minyororo ya kupimia. Wakati huo watawala walikuwa Waingereza, na mahakamani jaji wao akamwuliza Babu ana hati gani.

“Hati?” Babu akasema. “Mheshimiwa, nimelima pale miaka hamsini. Waulize ng'ombe.”

Watu wakaangua kicheko. Jaji naye alitabasamu, kisha akasema ng'ombe hawatoi ushahidi. Tukaruhusiwa kuvuna ngano iliyosimama, halafu tuondoke.

Mimi nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, sina pengine pa kuwalaza. Njiani kurudi kutoka mahakamani nilishindwa kuuzuia mdomo wangu.

“Babu, hivi mlikuwa na akili gani nyie?”

“Akili ya kuishi, we mtukutu. Ningeandikwa ningefia Yemen, na wewe usingekuwepo wa kunitukana.”

Bila hila ile nisingezaliwa, na kwa hila ileile sikuwa na pa kukaa. Nilimkasirikia mzee wa watu hadi nikashindwa kumwangalia usoni.

Siku ya kuondoka tulipakia magodoro, masufuria na watoto kwenye mkokoteni wa punda. Binamu yangu Dirghamu, aliyekuwa akibeba mizigo bandarini Haifa, alitutafutia chumba kimoja huko. Nilipokuwa nafunga kamba ya mwisho akaja mmoja wa Mayahudi walionunua, jina lake Mendel. Alikuwa ameishi Tiberia mwaka mzima na Kiarabu chetu alikijua kiasi. Akavua kofia.

“Dada, samahani. Mvua ikinyesha, maji hutuama wapi? Tusije tukapanda kwenye kinamasi.”

“Si mmenunua? Kamuulize aliyewauzia.”

“Aliyetuuzia hajui hata rangi ya udongo wake.”

Nusura nicheke, nikajiuma ulimi. “Kwa nini msirudi kwenu?”

“Kwetu walikuja watu na mashoka kuwaua Mayahudi. Tulikuwa tisa nyumbani, nimebaki mimi.” Alikuwa anaizungusha kofia mikononi. “Nirudi kwa nani?”

Nilimwamini, na nikamchukia kwa kunifanya nimwamini. Mtu akikutoa kwenu angalau awe mwovu, upate pa kuiweka hasira. Huyu hakunipa hata hilo. Basi nikamwonyesha bonde la chini, kando ya mto, ambalo kila Januari hugeuka ziwa.

“Pandeni ngano yote pale,” nikasema. “Hakuna mahali pakavu kama pale.”

Aliweka mkono kifuani akanishukuru, akaenda zake.

Babu alikuwa ameketi juu ya magodoro na alisikia kila neno. Tulikwenda mpaka kijiji kikafichwa na kilima, ndipo akasema, “Simamisha.”

“Umesahau nini, Babu?”

“Umewaambia wapande kwenye maji.”

“Na wapande. Wafe njaa.”

“Mbegu itaozea pale, Nazmiya. Ardhi ile haijatukosea kitu. Sijapata kuidanganya.”

“Sultani ulimdanganya!”

“Sultani, ndiyo. Shamba, hapana.”

Akashuka, akachukua fimbo yake, akaanza kurudi kwa miguu. Sikumfuata. Nilijiambia siwezi kuwaacha watoto, lakini kweli ni kwamba nilikuwa nimenuna.

Siku hiyohiyo Mayahudi walikuwa wameweka mlinzi mwenye bunduki, kwa sababu kwingineko watu waliotolewa walirudi wakachoma nyasi na ghala. Mlinzi hakujua hata neno moja la Kiarabu. Alichoona ni mzee anayevuka mpaka akipiga makelele, akiinyoosha fimbo kuelekea bonde la chini. Akafyatua risasi moja hewani. Babu alishtuka, akaanguka chali, kisogo kikatua juu ya jiwe.

Mendel ndiye aliyemleta hadi kwenye mkokoteni wetu, amemlaza juu ya nyumbu. Haya yote alinieleza yeye, machozi yakimtoka.

“Alikuwa anatuambia kitu,” akasema. “Mimi nilikuwa mbali, sikusikia. Alitaka nini, dada?”

Nikampokea Babu, nikamlaza kati ya watoto, nikampiga punda. Ulimi haukumrudia tena. Alikufa siku ya pili, katika chumba cha Haifa.

Wanaume walikaa matanga uani. Jioni Dirghamu akasimama na kusema mzee alirudi kudai ardhi yake, nao wakamuua. Akaapa kwamba hatatia chumvi kinywani mpaka damu ya mlinzi imwagike. Wanaume wakaitikia mmoja baada ya mwingine, hata wasiomjua Babu. Kisha wakaniita mlangoni, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naye.

“Waambie, Nazmiya,” Dirghamu akasema. “Si alirudi kudai ardhi yake?”

Nikisema alirudi kuwaokolea mbegu, wangeniuliza ni nani aliyetaka mbegu zioze, na wangejua nani amemuua Babu. Nikikubali, Dirghamu angekwenda, na Mayahudi nao wangekuja kwetu kulipiza, na sikuona mambo hayo yangeishia wapi. Wanangu watatu walikuwa wamesimama ukutani, macho yote mdomoni pangu.

“Ndiyo,” nikasema. “Alirudi kudai ardhi yake.”