Kando ya Elifuraha

Mzee Sifaeli hakujua kuamini nusu nusu. Alipoamua, uzeeni, kwamba Bwana Yesu anarudi hivi karibuni, alilivalia njuga jambo hilo kama mtu aliyeshinda zabuni ya kumtengenezea Bwana barabara.

Mambo yalianzia Moshono. Alikuwa ameshuka mjini kutibiwa meno, akafikia kwa binti yake Rachel, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jirani wa Rachel akamwalika kwenye ibada ya hemani. Huko akamkuta Mtumishi Ebenezer, kijana mwenye suti ya kubana na sauti ya kukutoa machozi hata kama hukupanga kulia. Ebenezer alihubiri siku za mwisho tu: vita, magonjwa, mvua zilizopoteza majira. Hapo kwenye mvua ndipo alipomnasa Sifaeli. Mkulima wa kahawa wa Nkoaranga hahitaji kuelezwa mara mbili kwamba mvua zimeharibika. Alirudi kwake mlimani Meru na shati jeupe jipya, na kila aliyemsalimia njiani alijibiwa, "Tunakwenda, ndugu yangu. Jiandae."

Mikahawa yake ilikuwa imezeeka, na bwana shamba alikuwa amemshauri aikate ichipue upya. Sasa akakataa. Kahawa ikikatwa hukaa miaka kabla ya kuzaa, na hiyo miaka itatoka wapi?

"Basi na chai uache," mkewe Tabea alimwambia. "Bwana asije akakukuta kikombe kiko mkononi."

Tabea alicheka peke yake, maana mumewe siku hizo hakuwa akicheka. Yeye alibaki usharikani kwake, na kitenge chake cha akina mama wa Kilutheri na kiti chake cha karibu na dirisha. Si kwamba hakumngoja Bwana. Alimngoja tangu ujana, ila kwa utulivu, na kungoja kwake kulikuwa na mahali maalumu. Kulikuwa chini ya migomba, kwenye kaburi la mtoto wao wa kwanza.

Mtoto yule aliishi siku chache tu. Muuguzi alimbatiza haraka kwa maji ya kikombe, wakamwita Elifuraha, na kabla jina halijazoeleka akafariki. Wakati ule hawakuwa na uwezo wa saruji. Sifaeli na kaka yake Sadoki walichimba kaburi dogo, na Tabea akapanda isale kichwani pake. Masale ni yale majani marefu ambayo Wameru na Wachaga huyapanda mipakani na makaburini. Ndiyo hayo hayo ambayo mtu akikukosea hukuletea jani lake amelipiga fundo, na ukishaliona huna ruhusa ya kumkatalia msamaha, hata kama amekuchomea nyumba. Kila Pasaka, wakitoka ibadani, Tabea alipita pale akang'oa magugu. Kijijini kote walimwita mumewe Baba Rachel. Yeye, wakiwa wawili tu, alimwita Baba Elifuraha.

Sasa Ebenezer akafundisha kwamba masale ni mlango wa mizimu, na kwamba Bwana akija ataipita nyumba yenye alama ya kipagani. Fundisho hilo lilimkuta Sifaeli akiwa peke yake nyumbani. Tabea alikuwa amevimba miguu, moyo umechoka. Alilazwa, kisha Rachel akamchukua Moshono ili awe karibu na kliniki.

Sifaeli alishika panga na jembe, akaanza. Aling'oa masale ya njiani. Akang'oa ya mpakani kwa Sadoki, na Sadoki akamtukana mpaka sauti ikamkauka. Akang'oa ya makaburi ya wazazi, ambayo hayakuwa na shida kwa sababu yalijengewa. Alipofika kwenye lile isale moja katikati ya migomba, alisimama. Tusimwonee mzee: alikumbuka vizuri ni la nani. Lakini akajiambia kwamba mtu anayekaribia kufufuka hahitaji alama, na kwamba wao wenyewe hawatakuwepo duniani muda wa kutosha kusahau. Akaling'oa, akalichoma moto pamoja na mengine. Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshika jembe, akasawazisha ardhi, akamwaga samadi, akapandikiza machipukizi ya migomba. Hiyo ndiyo akili ya mtu aliyekataa kukata kahawa kwa sababu dunia inakwisha.

Mvua ikanyesha, na safari hii ikanyesha kweli. Shamba likafunga kwa majani. Migomba nayo haikai mahali pamoja: shina la zamani hufa, chipukizi huota pembeni, na taratibu mgomba huhama bila kumuaga mtu. Siku moja Sifaeli alipita pale na ndoo ya maji ya ng'ombe, akageuka kuangalia upande wa mtoto, na hakujua aangalie wapi. Alidhani macho tu yamemchanganya, akaendelea na safari yake.

Kisha wakamrudisha Tabea. Madaktari walikuwa wamesema maneno yao ya upole, yale ambayo maana yake ni mpelekeni nyumbani. Rachel alimlaza chumba cha mbele, ambacho dirisha lake linatazama njia. Shamba halionekani kutoka pale.

"Baba Elifuraha," Tabea aliita, Rachel alipotoka kwenda jikoni. Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini macho yalikuwa yale yale. "Isale la mtoto halijakauka?"

"Lipo," Sifaeli alisema. Neno lilimtoka kabla hajalichagua.

"Vizuri. Mtanilaza kando yake. Mkono wangu wa kulia uwe upande wake."

"Usiseme hivyo, mama. Utapona."

"Sitapona, na wewe unajua. Sikiliza. Siku ile parapanda ikilia, watu watainuka pale pale walipolazwa. Wakubwa watasimama wenyewe. Yule hajui hata kukaa. Nani atamnyanyua? Kutakuwa na kelele, mbingu zimepasuka, na mtoto analia peke yake chini ya migomba. Mimi nataka nikifumbua macho ninyooshe mkono tu, nimchukue, twende."

Sifaeli alikubali kwa kichwa.

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Jumapili, watu wote wakiwa kanisani na Rachel akiwa na mama yake, aliingia migombani na jembe. Alijaribu kukumbuka. Kulikuwa na mti wa mruka, lakini aliukata mwaka wa msiba wa baba yake. Kulikuwa na mfereji, lakini mfereji ulihamishwa. Alichimba hapa, akakuta mizizi. Akachimba pale, akakuta kipande cha chungu na mfupa, akapiga magoti, kumbe ni mfupa wa mbuzi. Udongo wa Meru ni mweusi na wenye maji. Unakula kila kitu unachopewa. Mifupa ya mtoto wa siku chache, baada ya miaka yote hiyo, ingekuwa imekwisha zamani. Alilijua hilo, na bado alichimba mpaka kengele ya kutoka ibadani ikamshtua, akafukia mashimo haraka kama mwizi.

Akashuka Moshono kwa Mtumishi Ebenezer, akamweleza yote.

"Mzee wangu," Ebenezer alisema kwa upole, "Bwana anawajua walio wake. Hata aliyeliwa na samaki atafufuka. Kaburi ni udongo."

"Najua. Lakini nimemwahidi."

"Hukumuuliza mama kabla ya kung'oa?"

"Wewe ulisema tung'oe!"

"Nilisema vitu vya mizimu, mzee. Sikusema kaburi la mtoto wako." Kijana yule aliinamisha uso, na kwa mara ya kwanza alionekana mdogo ndani ya suti yake. "Mwambie ukweli. Omba msamaha. Muda ni mfupi."

Sifaeli alitoka na hasira, kisha hasira ikamwisha, kwa sababu ukweli haukuwa na pa kukwepea. Panga alishika yeye.

Alipopanda mlimani alikwenda moja kwa moja kwa Sadoki. Kaka yake alikuwa amekaa nje akichagua maharage.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Tulipomzika mtoto, ulikuwepo. Unapakumbuka?"

"Napakumbuka. Penye isale."

"Isale halipo."

"Basi uliza aliyeling'oa." Sadoki aliendelea kutupa maharage mabovu. Alipoinua macho akauona uso wa mdogo wake, aliacha. "Huwezi kupakuta tena?"

Sifaeli alitikisa kichwa. "Naomba jani moja. La kwako."

"Unaomba isale? Wewe?" Sadoki alianza kucheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Aliinuka kwa shida, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jani refu bichi. "Fundo utapiga mwenyewe. Aliyekosa ndiye anayepiga."

Sifaeli alilificha ndani ya koti. Njia nzima alipanga maneno. Atalipiga fundo mlangoni, atapiga magoti, atamwambia: nimempoteza mtoto mara ya pili. Tabea atalia, pengine atamlaani, lakini jani atalipokea, maana limeshaletwa. Alipiga moyo konde. Alifika mlangoni, akalitoa jani, na vidole ndiyo kwanza vinaanza kulikunja, Rachel akatokea.

"Baba, ulikuwa wapi? Mama anakutafuta. Ingia, ingia haraka."

Akaingia na jani mkononi, halina fundo.

Tabea alikuwa akihema kwa juu juu. Macho yake yalikwenda kwenye lile jani, na uso wake wote ukafunguka. Sifaeli hakuwa ameuona uso ule tangu wakiwa vijana.

"Umelitoa kwake," alisema. "Umeenda kwa Elifuraha ukanikatia."

Tabea alinyoosha mkono.

"Nipe."

Akampa. Tabea alilishika kwa mikono miwili, akalinusa, akaliweka kifuani. "Ni bichi," alimwambia Rachel. "Unaona? Baba yako na mambo yake yote ya hemani, amelitunza. Mimi nilikuwa na wasiwasi, Mungu anisamehe. Nilidhani amelikata."

"Mama Rachel," Sifaeli alianza.

"Asante, Baba Elifuraha." Alimwita hivyo mbele ya binti yao, bila kujali.

Mtu mwingine angesema. Mtu mwenye moyo mgumu kuliko wake, au laini kuliko wake, angesema. Sifaeli alipiga magoti kando ya kitanda, akashika miguu ya mkewe iliyovimba, akalia, na Rachel akadhani ni uchungu wa kuachana, akatoka ili awaachie nafasi. Hata walipobaki wawili hakusema. Tabea alifariki mchana wa siku iliyofuata, jani likiwa chini ya mkono wake. Msamaha alikuwa ameupata au hakuupata? Jani lilipokewa, lakini fundo halikuwepo wala kosa halikutajwa. Hakuna mzee yeyote Nkoaranga ambaye angeweza kumjibu, na hakuwa na uso wa kumuuliza yeyote.

Vijana walikuja na majembe, wakamuuliza wachimbe wapi. Sadoki alikuwepo, ameegemea fimbo, anamtazama. Sifaeli aliingia migombani, akatembea kama mtu anayejua anakokwenda, akasimama.

"Hapa," alisema. "Mkono wa kulia uwe upande huu."

Sadoki alitazama chini.

Mazishi yalikuwa makubwa. Kwaya iliimba, mchungaji wa usharika alisoma habari za parapanda na wafu watakaofufuliwa bila uharibifu, akina mama wa vitenge wakamwaga maua. Watu wa hemani walikuja na mashati yao meupe, na Mtumishi Ebenezer alimshika mkono Sifaeli kwa mikono yake yote miwili. Hakuuliza kitu, pengine alidhani ukweli ulisemwa.

"Jipe moyo, mzee. Hata mwaka huu hautaisha. Utamwona."

Kwa muda wote aliosali pale hemani, maneno hayo yalikuwa yakimpandisha mori. Sasa yalimtisha. Aliona mbingu zikipasuka na udongo ukifunguka. Tabea alikuwa akikaa, akipangusa macho, akinyoosha mkono wa kulia na kupapasa. Akipapasa tena. Kisha akigeuza uso kumtafuta yeye.

"Amina," watu wote waliitikia jambo fulani. Yeye hakuitikia.

"Angalau yuko na kaka yangu sasa," Rachel alisema pembeni yake, akijifuta machozi.

"Ndiyo," Sifaeli alisema. "Yuko naye."

Wageni walipotawanyika na maturubai yakafunguliwa, alivaa kandambili zake akachukua jembe. Rachel alimwona kutoka jikoni, akatoka mbio.

"Baba, unakwenda kulima leo? Pumzika jamani, watu watasemaje?"

"Waache waseme."

Alianzia pembeni kabisa, penye ukingo wa shamba, ili safari hii asiache sehemu. Alichimba polepole, akavunja kila bonge kwa vidole, akapitisha udongo mkononi kabla ya kuutupa. Juu, wingu lilikuwa limekaa kwenye mlima tangu asubuhi, na kila lilipopasuka na mwanga kushuka migombani, mzee alishtuka, akainamisha kichwa.

"Bwana, usije kwanza," alisema. "Ngoja kidogo. Bado sijampata."